Kusoma Habari za Mayahudi kwa Insafu

Baadhi ya wasomaji wetu wametuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa kutushika mkono mlangoni mwa msikiti, kama ni kweli kuwa darsa yetu ya usiku ilipoteza miezi minane ikisoma kisa cha kubuni juu ya historia ya Mayahudi. Ni kweli tulikisoma. Neno hilo la “kupoteza” si letu, ni lao. Na hapa twataka kueleza kwa nini hatulikubali, na ni mahali gani tulikaribia kulikubali.

Kitabu chenyewe chaitwa The Source, yaani Chemchemi. Mtungaji wake ni Mmarekani James Michener, nacho kilitoka mwaka wa 1965. Kina kurasa zaidi ya 900, na atakayejaribu kukishika kwa mkono mmoja atachoka kabla ya kugeuza ukurasa. Habari yake ni kuwa katika mwaka wa 1964 wachimbuzi wa mambo ya kale wanafika penye kilima kimoja karibu na mji wa Akka, kiitwacho Makor. Kilima hicho hakipo duniani, mtungaji amekizua. Wanakichimba tabaka baada ya tabaka, tabaka 15 kwa jumla, na kila kitu kitokacho udongoni, kuanzia risasi ya vita vya 1948 iliyo juu kabisa hata mawe ya gumegume yaliyo chini kabisa, kinapewa kisa cha watu waliokitumia. Basi msomaji hupelekwa kutoka zama za watu wa mapango hata zama zetu hizi, na karibu njia yote yuko pamoja na Mayahudi.

Tulikisoma namna hii: ajuaye Kiingereza alisoma na kufasiri, na asiyejua alisikiliza na kuuliza. Aghalabu aliyeuliza ndiye aliyefahamu zaidi.

Mzee wetu mmoja, ambaye ndiye aliyewasomesha wengi wetu alifu na bee, alikataa tangu usiku wa kwanza. Siku zile habari za Gaza zilikuwa zikiingia majumbani mwetu kila jioni. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 walikuwa wameuawa katika Israeli kwa siku moja. Kisha vikaja vita vilivyoshushwa juu ya Gaza, vikaua watu makumi ya maelfu, na watoto miongoni mwao hawahesabiki kwa vidole. Mzee akatwambia, “Nyumba yetu ina matanga, nanyi mwaondoka kwenda kulia katika matanga ya watu wengine?” Akachukua fimbo yake akenda zake. Neno lile lilikaa nasi miezi yote minane, na waraka huu kwa hakika ni jawabu lake, ijapokuwa si jawabu kamili.

Shaka ya pili ilikuwa ya kielimu. Kwa maulamaa wetu riwaya ni habari yenye wapokezi wake, fulani kutoka kwa fulani, na habari isiyo na wapokezi hairudishwi hata ikachunguzwa, hutupwa tu. Leo neno lilo hilo twalitumia kwa kisa ambacho mwenyewe mtungaji akiri kuwa amekibuni. Je, watu waliolelewa katika kuulizana isnadi waweza kujifunza nini kwa riwaya ya namna hii? Tukapatana kuwa tukio tutalitafuta kwa wanahistoria, na kisa tutakichukua kwa lile ambalo mwanahistoria hawezi kutupa, yaani ilikuwaje kuwa mtu aliye ndani ya tukio. Katika mlango wa vita vya msalaba, kwa mfano, mwenye ngome na watu wa nyumbani mwake wamebuniwa. Lakini kuwa katika mwaka wa 1096 makundi ya wanamsalaba, kabla hawajatoka Ulaya, waliwaua Mayahudi wa Worms na wa Mainz, hilo limethubutu, na wenyewe Mayahudi waliandika majina ya maiti wao. Kadhalika katika mlango wa Safad wa karne ya 16 wako watu wa kubuni, lakini mji ule kweli ulikuwa kikao cha wanavyuoni wao, na Yusuf Karo, ambaye kitabu chake cha sheria kilipigwa chapa Venice mwaka wa 1565, aliishi humo chini ya dola ya Kituruki.

Na tuikubali aibu yetu. Tulianza kusoma kama askari wa forodha afunguavyo sanduku la msafiri. Tulikuwa na kalamu ya risasi, na kazi yake ilikuwa kutia mstari chini ya kila neno tulilodhani linatutukana. Milango ya mwanzo ni ya zama ambazo hata Nabii Ibrahim hajazaliwa, na huko pia tulipata la kutia mstari. Mwenye kutafuta kosa hurudi nyumbani na kapu limejaa.

Kalamu ilisahauliwa katika mlango uitwao Sheria. Mlango huo ni wa karne ya nne, zama za dola ya Rumi, wakati wanavyuoni wa Kiyahudi walipokuwa wakikusanya na kupanga hukumu zao katika Galilaya. Yuko kijana aitwaye Menahem. Baba yake, fundi wa mawe, alimchukua mwanamke ambaye kwa sheria bado alikuwa mke wa mtu, naye Menahem akazaliwa. Kwa sheria yao mtoto wa namna hii hana ruhusa ya kuoa katika jamaa, wala watoto wake, wala wajukuu wake. Kijana ni mwema, ni mchapa kazi, anaipenda dini kuliko waliozaliwa salama. Anafanya kazi kwa rabi Asher, na binti wa rabi anampenda. Rabi naye anampenda kama mwanawe, na lau kama angelikuwa mtu mbaya, kisa kingelikuwa chepesi. Rabi ni mtu mwema mwenye kuilinda sheria, kwani ameona kuwa umma uliokosa nchi na dola hauna ukuta mwingine wa kuulinda ila sheria. Anamhurumia kijana, na hawezi kumpa kitu.

Wanavyuoni wakamtafutia njia. Aibe kitu, akamatwe, auzwe utumwani, aozwe mjakazi, kisha waachwe huru. Hapo watoto watatoka wakiwa safi. Hii si fikira ya Michener, asili yake imo katika vitabu vyao vya sheria. Menahem anaambiwa kuwa dini haimpokei mtu asiye na hatia, ila itampokea akishakuwa mwizi. Mwisho wake alitoka katika dini ya baba zake akaingia unasara.

Mmoja wetu alicheka aliposikia hila ile. Hapo akanyanyua kichwa ndugu yetu mwenye kusoma fiqhi, mtu asiyesema sana, akamwuliza, “Wacheka nini? Hujapata kusikia habari ya muhalili?” Kikaingia kimya. Kila mtu alijua anasema nini: mwanamke aliyeachwa talaka tatu, akatafutwa mwanamume wa kumwoa usiku mmoja ili arudi kwa mumewe, na mashahidi wakakaa na kahawa ikanywewa kana kwamba hapana lililofanyika. Mtume wetu alimlaani mwenye kufanya hivyo na mwenye kufanyiwa, na juu ya hayo watu wamefanya, na wako waliowafungulia mlango kwa kutumia vitabu. Umma wenye sheria kubwa hupata pia mafundi wa kupita chini ya sheria, na hupata vilevile watu wema ambao, kwa kuuogopa ufisadi, humwacha Menahem nje ya mlango. Kwa miaka mingi sisi katika darsa hii tumekuwa tukibishana juu ya mambo hayahaya, na hatukuwahi kuona nafsi zetu kwa uwazi kama tulivyoziona katika nyumba ya rabi wa kubuni. Tangu usiku ule tulisoma kama wasomaji.

Na tulipokuwa wasomaji, yalitupata mawili ambayo hatukuyataraji.

La kwanza ni juu ya historia yetu sisi. Tumezoea kusimulia kuwa Mayahudi waliteswa na Manasara wakapumzika chini ya Waislamu, na katika hayo kuna kweli nyingi. Waliofukuzwa Hispania mwaka wa 1492 walipokewa na dola ya Sultani Bayazidi wa pili. Lakini mchukueni mtu mmoja tu, Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuo wao mkubwa. Twampenda kumtaja kwa kuwa alitibu watu wa dola ya Salahuddin katika Misri na akafa kwa heshima mwaka wa 1204. Ni nadra kutaja alifikaje Misri. Alizaliwa Kurtuba, na al-Muwahhidun walipouteka mji ule mwaka wa 1148, waliwaondolea Mayahudi na Manasara haki ya kukaa na dini zao, na jamaa yake ikatangatanga. Waliomfukuza ni Waislamu na waliompokea ni Waislamu. Sisi tulikuwa tukisimulia nusu ya umri wa mtu.

La pili ni gumu zaidi. Tulipozifikia habari za miaka ya 1933 hata 1945, ambazo katika kitabu hiki hazina mlango wao lakini kivuli chao kimeangukia watu wote wa mlango wa mwisho, ndugu mmoja kijana alisema yale ambayo wengi wamesikia vijiweni: kuwa hesabu ya Mayahudi milioni sita imetiwa chumvi ili ipate kutumiwa. Tulimjibu, na tunarudia hapa kwa maandishi, kuwa hesabu hiyo imesimama juu ya daftari za wauaji wenyewe, juu ya hesabu za watu kabla ya vita na baada yake, na juu ya ushahidi wa waliookoka na wa askari waliofungua makambi. Kuwa mtu fulani ameitumia huzuni ya kweli kwa jambo lisilo haki hakuifanyi huzuni ile kuwa uwongo. Akasema, “Nikikubali hilo, nitakuwa nimewapa hoja.” Hapo ndipo tulipofahamu kuwa alikuwa akiogopa mizani, akidhani kuwa kila jiwe liwekwalo upande wao linapunguza upande wa Palestina.

Na dini yetu haikutufunza mizani ya namna hii. Kila mtoto wa chuoni ameisikia aya ya nane ya Suratul Maida, ambayo yatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Wafasiri wengi wamepokea kuwa aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105, zilishuka katika kesi ya deraya iliyoibiwa Madina. Mwizi alikuwa mtu aliyehesabiwa miongoni mwa Waislamu, naye akamsingizia Myahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea kwa wingi wa midomo. Aya zikashuka kumwondolea tuhuma Myahudi. Tazameni wakati ule: umma mchanga, maadui kila upande, na Mayahudi wa Madina hawakuwa marafiki wote. Lau kama palikuwa na siku ya kusema “tusiwape hoja”, ilikuwa siku ile.

Sasa twaingia mahali tulipokaribia kukubaliana na mzee wetu. Mlango wa mwisho ni wa vita vya Safad, mwaka wa 1948. Mwandishi aliyetuzoeza kuingia kila nyumba, hata ya mwabudu masanamu, hata ya mnasara aliyekuja kuua, hapa anatuweka pamoja na Mayahudi wa mji: rabi mzee asiyetaka dola isiyosimamishwa na Mungu, na binti mpiganaji asiyetaka ila dola. Mabishano yao ni mazuri na ya kweli. Lakini Waarabu wa Safad, ambao walikuwa wengi mara nyingi kuliko Mayahudi wake, hatukuingizwa nyumbani mwao kama tulivyoingizwa kwa wengine. Mji ulitekwa mwezi wa Mei, na Waarabu wake wakatoka. Miongoni mwa waliotoka alikuwamo mtoto aliyezaliwa huko mwaka wa 1935, Mahmoud Abbas, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Mamlaka ya Palestina. Katika vita vile Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, wasiruhusiwe kurudi. Kalamu ya risasi ilitoka tena mfukoni, na safari hii hatuoni kuwa ilikosea.

Tusimdhulumu Michener. Katika wachimbuzi wake amemweka Mwarabu, Jemail Tabari, mtu wa akili na heshima, na anaashiria kuwa ukoo wake ndio wa kale kuliko wote penye chemchemi ile. Ila kumpa mtu ukoo wa miaka elfu na usimpe nyumba ya juzi ni ukarimu wa ajabu.

Huenda mwenye kusema akasema: basi kumbe kitabu ni cha upande mmoja, na miezi minane imekwenda bure. Kwa jawabu twawaomba mtazame ramani ya nchi yetu. Mwezi wa Aprili 1903, katika mji wa Kishinev katika dola ya Urusi, Mayahudi 49 waliuawa na majirani zao. Mwaka uleule serikali ya Uingereza, kwa ulimi wa waziri wake Chamberlain aliyekuwa ametoka kupanda reli yetu, ikawatolea Mayahudi ardhi ya kukaa. Walioandika habari hiyo waliiita “Uganda”, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Mkutano wa Mazayuni huko Basel uligawanyika hata watu wakalia, na waliopinga kwa nguvu walikuwa wale waliotoka Urusi kwenyewe, kwani hawakutaka ila Yerusalemu. Mwanzo wa mwaka wa 1905 wajumbe watatu walikuja kuitazama nchi, na mwaka huohuo mkutano ukakataa. Tufikirini lau wangelikubali. Wanaandi hawakuulizwa, wala Wamaasai. Mwezi wa Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanaandi, aliuawa na afisa wa Kiingereza mahali alipoitwa kwa mazungumzo, na tangu mwaka wa 1908 Makaburu wakaanza kupewa mashamba ya Uasin Gishu.

Sisi watu wa Kenya twaweza kusimama juu ya uwanda ule na kuona kwa mara moja mambo mawili ambayo waliokaa mbali huyaona moja moja. Mtoto aliyekimbia Kishinev alikuwa na haki ya kupata mahali pa kulala pasipo hofu. Na aliyemtolea nchi ya Wanaandi alimtolea kitu kisicho chake. La kwanza halikuwa jepesi kwa sababu ya la pili, wala la pili halikuhalalika kwa sababu ya la kwanza. Tulipomweleza hivi yule ndugu kijana aliyeogopa kuwapa hoja, alinyamaza kisha akasema kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa Mnandi. Hatukujua.

Baada ya kumaliza kitabu kile kikubwa tulisoma kidogo, Kurudi Haifa, cha Ghassan Kanafani, Mpalestina aliyezaliwa Akka mwaka wa 1936, yaani karibu na pale Michener alipokiweka kilima chake. Alitolewa Akka akiwa na miaka 12, na aliuawa kwa bomu Beirut mwaka wa 1972. Kisa alikiandika 1969, na hakizidi usomaji wa usiku mmoja. Mume na mke waliokimbia Haifa mwaka wa 1948 na kumwacha mtoto wao mchanga kitandani warudi miaka ishirini baadaye, na nyumba yao wamkuta mwanamke wa Kiyahudi kutoka Poland, ambaye baba yake aliuawa katika kambi ya Wajerumani. Naye ndiye aliyemlea mtoto. Kanafani hakumficha mwanamke huyu wala hakumfanya shetani. Anatwambia kuwa katika siku zake za kwanza Haifa alimwona maiti wa mtoto wa Kiarabu akitupwa garini kama gogo la kuni, akamkumbuka ndugu yake aliyeuawa na Wajerumani, akataka kuondoka nchi ile. Mtu aliyefukuzwa mji wake aliingia nyumbani mwa aliyekaa mahali pake, akamsikiliza, na hakuacha haki yake hata chembe moja. Mmarekani mwenye kurasa 900 hakuliweza hilo, na twadhani nasi tusingeliona kuwa hakuliweza lau hatungelizisoma kurasa zake zote.

Juu ya matanga aliyoyataja mzee wetu, twasema kuwa katika mitaa yetu mtu aliyefiwa huonekana katika mazishi ya wengine kuliko asiyefiwa, na hapana amwambiaye kuwa amemsahau maiti wake. Lakini twakiri kuwa palikuwa na usiku, na si mmoja, ambao habari za jioni zilitushinda, tukafunga kitabu tusiseme kitu hata ikafika saa ya kwenda majumbani.

Mwezi uliopita mzee alimtuma mjukuu wake kuja kukiomba kitabu. Hakueleza, wala hatukumwuliza. Siku ya nne mjukuu alirudi mikono mitupu, ila alikuwa na kalamu ya risasi. Alisema babu ameikuta katikati ya kurasa, katika mlango wa Sheria, na anauliza ni ya nani.